Mtani Aliyelia

Mbagala Kizuiani,
Jumanne, 10 Septemba 2024

Mtani wangu Ismail,

Nimekupigia simu tangu wiki ya mazishi na kila mara inaita mpaka inakata. Mara mbili ilipokelewa, nikasikia pumzi tu, halafu kimya. Nimeona niandike. Barua huwezi kuikata katikati.

Anayekuletea ni Bupe, jirani yangu wa ukuta mmoja, yule Mnyakyusa aliyepika wali msibani. Anauza mchele Tegeta kila Jumatano na Jumamosi, na amesema kukupandishia hadi Madale si kazi. Ukitaka kujibu, mpe binti yako Yasmini amfikishie pale sokoni.

Sisi hatujambo. Nasema sisi kwa mazoea. Watoto wameshaondoka, kila mmoja na kazi yake mkoani, nimebaki mwenyewe. Asubuhi bado natoa vikombe viwili, halafu kimoja nakirudisha. Ndara za Kasiani ziko mlangoni zimeelekea nje, kama alivyokuwa akiziacha kila usiku ili akiamka asihangaike kugeuka. Nafagia kuzizunguka. Nimechoka, Ismail, na si kazi iliyonichosha, maana kazi hakuna.

Nina swali moja. Kwa nini ulilia?

Unajua tulivyokusubiri. Wewe Myao, mume wangu Mngoni, watani tangu mababu, na juu ya hapo mmesimama mashine jirani kiwandani nusu ya maisha yenu. Tangu nimeolewa nasikia habari ya siku hiyo. Kasiani alikuwa akisema huku anacheka, "Nikitangulia mie, yule Myao mfupi atalala mlangoni kuzuia jeneza. Msimbembeleze. Mpeni jogoo aliyekonda atoke." Basi jogoo nilimfunga nyuma ya jiko tangu alfajiri. Nikiwa nimekaa mkekani na wanawake, masikio yangu yako nje. Nasema sasa hivi nitasikia sauti yake, sasa hivi atamwita marehemu mkimbizi, atauliza nani amemruhusu kufa kabla ya zamu yake, watu watacheka, na mie nitaweza kuvuta pumzi.

Ukaingia na Yasmini, umejifunga kitambaa shingoni kwenye joto lile kama mtu wa baridi ya Makete. Ukakaa kwenye benchi na wazee. Nikaona mabega yako yanatikisika. Jeneza likapita mlangoni bila mtu wa kulizuia. Mume wangu ametoka nyumbani kwake kama mgeni aliyelala siku moja.

Watu wamesema. Shemeji Cyprian, mdogo wake marehemu, ndiye amesema zaidi. Anasema mtani halii, akilia kuna kitu kati yake na marehemu. Nikamwambia hakuna kitu. Akaniuliza, "Una hakika, shemeji?" Nikakumbuka kwamba tangu mwezi wa tatu ulikuwa umeacha kumpigia mwenzio simu.

Arobaini ni Jumamosi, tarehe 5 Oktoba. Misa asubuhi, kisha tunaanua tanga hapa nyumbani na nguo zake zinagawanywa. Cyprian anataka kuleta mtani mwingine, Mhehe mmoja wa mtaani kwao Chamazi ambaye ana mdomo mkubwa na anajulikana kwa kazi hiyo. Mtu huyo hakumjua Kasiani. Atamtukana kwa lipi?

Njoo wewe. Jogoo bado yupo, namlisha pumba.

Mtani wako,
Filomena


Madale,
14 Septemba 2024

Mama mpendwa Filomena,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima. Nimepokea barua yako na nakushukuru kwa kunikumbuka. Pole tena kwa msiba mkubwa uliokupata. Marehemu alikuwa mtu mwema na sote tutamkosa.

Kuhusu shughuli ya tarehe 5, nasikitika kwamba sitaweza kuhudhuria. Afya yangu si nzuri sana, ni mafua ambayo hayaishi. Ndugu Cyprian amefanya vyema kutafuta mtu mwingine. Naomba asizuiwe. Huyo atafanya kazi vizuri kuliko mimi.

Kati yangu na marehemu hakuna jambo lolote baya. Naomba uniamini.

Mungu akupe subira.

Wako katika majonzi,
Ismail H. Kalanje


Mbagala Kizuiani,
Jumanne, 17 Septemba 2024

Ismail,

Umeniita mama mpendwa. Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta tusi. Nikasema labda amelificha chini, kwenye sahihi. Sikuliona. Bupe akaniuliza, "Mtani amesemaje?" Nikamwambia ameniandikia kama afisa wa serikali.

Heshima hii umeitoa wapi? Siku ya harusi yangu ulisema mbele ya baba yangu kwamba Wangoni wameniokota porini walipokuwa wanakimbia vita. Nilipojifungua mtoto wa kwanza ulikuja na maboga mawili ukasema umeleta kichwa cha akiba, kwani cha baba yake hakifai. Mtu wa namna hiyo akianza kukwambia "natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima", unajua umeshaachwa.

Sitakulazimisha kuja. Ila kuna mambo sikukueleza, na sasa naona nikueleze, halafu uniache.

Kila Jumapili nikitoka misa ya pili nilikuwa namkuta Kasiani amekaa karibu na dirisha, simu imewekwa pale kwenye nondo ambapo mtandao unashika. Anakusubiri umtukane. Mlipomaliza kutukanana ndipo anakula. Ulipoacha, Yasmini akapiga akasema umeenda Tunduru shambani. Kasiani akasema, "Ameenda Tunduru bila kunitukana kwanza?" Jumapili iliyofuata akaiweka simu palepale. Na iliyofuata. Mie nikawa nachelewesha chakula nikijifanya mkaa umeloa.

Mwezi wa sita akapata kiharusi. Hilo unalijua juujuu, nilimwambia Yasmini ameanguka kidogo na anaendelea vizuri. Sikusema kweli. Sauti ilikwenda, Ismail. Yote. Mtu aliyekuwa anasikika hadi kituoni akawa hawezi kuomba maji. Nilipotaka kukupigia nikueleze alinishika mkono akakataa kwa kichwa. Hakutaka umsikie hivyo. Pengine alifikiri utamhurumia, na huruma yako asingeiweza.

Akaanza kusema kwa mikono. Ile lugha yenu ya kiwandani, ya chumba cha kufuma, mlikokuwa hamsikilizani kwa kelele za mashine. Nyingine nilikuwa nazijua kwa sababu alikuwa akizitumia mezani tangu zamani kunichekesha. Kusugua vidole ni chumvi. Kujipigapiga tumbo ni msimamizi anakuja. Ile ya kuvuta uzi mrefu hewani, unavuta, unavuta, haukatiki, ni mtu wa maneno mengi. Hiyo aliifanya kila shemeji Cyprian alipokuja kumwona, tena kwa chini, kando ya godoro, na mie nikatoka nje kucheka. Kwa hiyo usifikiri tulikuwa tunalia kutwa.

Lakini kuna moja sikuwahi kuijua. Anafunga ngumi, anajigonga kifuani mara mbili, halafu anafungua kiganja anakielekeza dirishani. Hakuna mtu dirishani. Wiki ya mwisho alikuwa anaifanya tu hiyo. Nikadhani kifua kinambana. Nikamchua mafuta, nikamwinua mto, nikamwita nesi wa mtaani, akampima akasema kifua hakina neno. Anatazama dirisha, anagonga, anafungua. Anavyoniangalia naona nimekosea, na hawezi kuniambia nimekosea wapi.

Nalala na hiyo. Sitaki kingine kutoka kwako. Kama huji usije, ila niandikie maana yake.

Filomena


Madale,
20 Septemba 2024

Shikamoo mama,

Mimi ni Yasmini. Baba hajui kama nakuandikia, na nakuomba asijue.

Mama, nilikudanganya mwaka huu mara nyingi na nimechoka. Baba hakwenda Tunduru. Mwezi wa tatu sauti yake ilikuwa inakwaruza, tukaenda hospitali, wakakuta ni saratani ya koo. Walimpasua baada ya wiki chache. Kisanduku cha sauti kimetolewa chote. Anapumua kwa tundu lililoko hapa chini ya shingo, ndiyo maana anavaa kitambaa. Anakula vizuri, anatembea, daktari ameridhika. Ila sauti hana, na haitarudi.

Alinikataza kuwaambia. Aliandika kwenye karatasi: "Kasiani anaumwa presha, akisikia hili litammaliza. Sema nipo shambani, nikizoea nitakwenda mwenyewe." Nikasema. Kila Jumapili saa za simu yao alikuwa anatoka anakwenda kukaa kwenye mawe kule juu, anarudi saa hizo zikishapita. Halafu mkasema baba mkubwa Kasiani anaendelea vizuri, akafurahi, akasema kwa kuandika kwamba mkimbizi hafi ovyo. Halafu ikaja simu ya msiba.

Siku ile tunakuja alijiandaa. Alivaa kanzu ya zamani iliyochanika ili afanye vichekesho. Njiani alikuwa mzima kabisa. Tulipofika mlangoni kwenu alisimama, akafungua mdomo. Mama, nilikuwa pembeni yake, niliona. Alifungua mdomo kama mtu aliyesahau. Kikatoka kipumzi tu shingoni. Akanishika bega akaniambia kwa macho tukae. Mengine uliyaona.

Hizo simu mbili zilizopokelewa ni yeye. Alitaka tu kukusikia unasema haloo.

Barua yako ya kwanza ilimuumiza pale uliposema ulimsubiri. Ile ya kwake ya heshima aliiandika makusudi. Nilimwambia, "Baba, huyu atakasirika." Akaandika, "Afadhali akasirike kuliko mtani bubu kwenda kuwasikitisha watu. Kazi ya mtani ni mdomo."

Barua yako ya pili aliisoma jana akiwa barazani. Alipofika ile sehemu ya baba mkubwa kupoteza sauti aliiweka chini akaingia ndani. Akarudi akaisoma tena. Alipofika kwenye ngumi na kiganja, mikono yake ikafanya yenyewe. Gonga gonga, fungua. Nikamuuliza maana yake nini, nikampa kalamu. Alikataa. Baadaye sana akaandika maneno haya tu: "Hiyo haiandikwi. Hiyo inafanywa."

Mama, sijui nifanye nini. Mchana anakaa anatazama mikono yake. Nimekwambia ili usimchukie. Usije ukamwambia nimesema.

Mwanao,
Yasmini


Mbagala Kizuiani,
Jumanne, 24 Septemba 2024

Wewe Ismail, Myao mfupi, uliyekuwa unasimama juu ya kreti la soda ili ufikie nyuzi zako,

Nimengoja jibu la swali langu, halijaja. Sishangai. Kasiani alikuwa akisema kuwafundisha Wayao kuandika ni kazi ya wamisionari iliyoishia njiani.

Nimefikiri kuhusu mafua yako. Nimeona ni uongo. Umezeeka, ndiyo hivyo. Umeota adabu. Adabu kwa mtu kama wewe ni dalili mbaya, wakuangalie vizuri huko Madale. Nasikia huko mlimani mnapata upepo na majirani zenu wana mageti makubwa. Pengine umepata geti na wewe, ndiyo maana Mbagala imekuwa mbali.

Basi sikiliza. Nimemwambia shemeji Cyprian asimlete Mhehe. Amekasirika. Amesema, "Sasa shemeji, nani atafanya? Tutaanua tanga kwa mdomo wa nani?" Nikamwambia mdomo sihitaji. Midomo ninayo ya kutosha, wewe shemeji peke yako unatosha mtaa mzima. Alicheka kidogo. Halafu akaendelea kuongea, na mie chini ya meza nikavuta uzi.

Nilipokuwa navuta ndipo nikafikiri jambo. Kwamba kiwandani mlikaa miaka yote ile mkitukanana kutwa, na hakuna aliyesikia neno hata moja. Kasiani aliniambia siku moja mlimtania msimamizi mbele ya uso wake, mikono tu, hadi mtu wa mashine ya tatu akacheka akakosa kuona uzi umekatika, ukaharibika mtando mzima wa nguo. Kama mtu amekaa huko na kazi yake aliifanya hivyo, sijui kwa nini aje na visingizio vya mafua.

Jingine ni ovaroli lake la kiwandani. Lile la bluu lenye kiraka cha kitenge mgongoni nilichomshonea mie, ukamwita mke wa mtu. Lipo. Cyprian alitaka kulichukua la shambani, nimelikatalia. Nimelifua, nimelitundika nyuma ya mlango wa chumbani. Litakuwa refu kwako, utakunja miguu kama ulivyozoea kukunja kila kitu.

Mie sijambo, ila usingizi hauji vizuri. Nikifumba macho naona ile ngumi na kile kiganja. Kama haiandikiki, basi.

Mlango utakuwa wazi tangu misa itakapoisha. Jogoo ameanza kuwika ovyo, majirani wananilalamikia.

Mjane wa mkimbizi,
Filomena


Madale,
1 Oktoba 2024

Filomena,

Yasmini ana mdomo mrefu. Amerithi wangu.

Usimruhusu mtu kugusa ovaroli.

I.


Mbagala Kizuiani,
Jumanne, 8 Oktoba 2024

Mtani wangu Ismail,

Umeondoka na jogoo na ovaroli na kijiko changu kikubwa cha kupakulia. Jogoo ni haki yako. Ovaroli pia. Kijiko urudishe.

Nilitaka kukuandikia Jumapili, nikashindwa, nililala. Nililala tangu nilipotoka misa mpaka Bupe alipokuja kugonga akidhani nimezidiwa. Leo ndiyo nina nguvu ya kushika kalamu.

Sijui nianze wapi. Ulipoingia watu walikuwa wanakula. Hakuna aliyekuangalia. Ukapita moja kwa moja chumbani kama mwenye nyumba. Ulipotoka, Mungu anisamehe, kwa nukta moja nilimwona yeye. Ulikuwa na ile namna yake ya kutembea, bega la kushoto limetangulia kama anasukuma mlango. Halafu nikaona miguu ya ovaroli inaburuta chini, nikajua ni wewe.

Watu wakaanza kunong'ona, "Mbona mtani haongei?" Ukafungua kitambaa. Nilimwona shemeji Cyprian anaweka sahani chini. Ukawaonyesha shingo yako, pole pole, kulia na kushoto, kama mtu anayeonyesha nguo mpya. Kisha ukaanza.

Wengi hawakuelewa mikono yako, lakini hawakuhitaji kuelewa sana. Ulipomfanya Kasiani anavyokunywa chai na kijiko ndani ya kikombe kinamchoma jichoni, mpaka watoto walimjua. Ulipofanya anavyoimba kwaya na kupitiliza wimbo ukiwa umeisha. Ulipolala mlangoni kuzuia viatu vyake visitoke, siku arobaini umechelewa, na ukakataa kuamka. Mzee Nikodemu, aliyekuwa nanyi kiwandani, alikuwa anaelewa yote. Alicheka hadi akapewa maji. Na shemeji aliposimama kutoa shukrani za ukoo, na wewe nyuma yake ukaanza kuvuta ule uzi, ukavuta, ukauzungusha kiunoni, ukaukanyaga, ukaanguka nao. Nilicheka kilemba kikadondoka. Bupe akakimbia kunishika, alidhani nalia. Nikamwambia niache, niache nicheke, sijacheka tangu msiba.

Cyprian hajanuna. Amenipigia jana. Amesema, "Shemeji, yule mzee nilimsema vibaya. Mwambie." Nimekwambia. Akaendelea kuzungumza kama robo saa.

Nguo zimegawanywa. Ndara nimezitoa mlangoni mwenyewe, zimekwenda kwa fundi baiskeli wa hapa kona, zinamtosha. Nyumba ni kubwa sasa. Sitakudanganya kwamba nimepona. Lakini ni uchovu mwingine, kama wa mtu aliyefika, si wa mtu aliye njiani.

Limebaki lile moja. Mwishoni, watu wakikunja mikeka, ulikwenda mbele ya kiti chake karibu na dirisha. Ukainamisha kichwa. Kisha ukanigeukia ukafanya ile. Ngumi kifuani mara mbili, kiganja wazi. Nikodemu alikuwa anacheka bado, alipoiona akaacha. Nikamuuliza maana yake. Akasema, "Hiyo, dada, akwambie aliyekuwa mashine ya pili." Nilipokutafuta ulikuwa umeshaondoka na jogoo wako kwapani.

Umeifanya, nimeiona. Sasa iandike.

Filomena


Madale,
11 Oktoba 2024

Mtani wangu Filomena, mke wa mkimbizi,

Kijiko nitarudisha. Jogoo alikuwa amekonda kama alivyoahidi marehemu, tumemchemsha kutwa nzima na bado anabisha.

Nilikataa kuandika kwa sababu nikiandika ni maneno matatu tu, na maneno matatu niliona hayatoshi. Lakini umeomba.

Kule kwenye kufuma mashine haisimami. Uzi ukikatika usiuone, nguo inaharibika na unakatwa mshahara. Huwezi kutoka hata kwenda msalani isipokuwa jirani akuangalizie. Mie kila mchana nilikuwa natoka kuswali. Namgeukia Kasiani kwenye mashine ya jirani, najigonga kifua mara mbili, namfungulia kiganja. Anatikisa kichwa, naondoka. Yeye naye, siku vumbi la pamba likimzidi, ananigongea, namtikisia, anakwenda kupumua nje.

Maana yake ni "nishikie mashine, natoka."

Anayeshika haulizi unakwenda wapi. Haulizi utarudi lini. Anatikisa kichwa tu, anaanza kufunga nyuzi zako pamoja na zake. Hiyo ndiyo ilikuwa adabu yetu pekee mle ndani. Kwa mengine yote tulitukanana.

Kwa hiyo hakuwa anaumwa kifua. Usijilaumu kwa mafuta uliyomchua. Alikuwa ananiaga, na kwa upande wa dirisha kwa sababu sauti yangu ilikuwa ikiingia nyumbani kwake kupitia simu ile ya dirishani. Mie sikuwepo kutikisa kichwa. Nilikuwa nimekaa kwenye mawe Madale, najionea aibu ya koo langu, na yeye amekaa Mbagala na koo kama langu. Tungeonana siku moja tu tungeongea hadi jioni. Sote tulikuwa na mikono. Hilo ndilo linalonichosha nikilifikiria, na nalifikiria kila siku.

Pale mbele ya kiti watu walidhani naomba dua. Nilikuwa namtikisia kichwa. Nimechelewa, lakini mashine nimeipokea.

Halafu nikakugeukia wewe. Daktari ameniambia nirudi mwezi ujao, wanaangalia tena. Huenda ni salama, huenda si salama. Nilitaka na mie niwe nimemwambia mtu mapema. Hukujua maana yake, kwa hiyo hukutikisa kichwa. Sasa umejua. Sikulazimishi.

Jumapili nakuja, ukitoka misa ya pili. Yasmini atanileta ataniacha. Simu usiiweke dirishani, haina kazi. Utaongea wewe, mie nitabisha kwa mikono. Nina matusi ya tangu mwezi wa tatu hayajatumika.

Ila chai yangu uimimine mapema ipoe. Siku hizi siwezi kupuliza.

Mtani wako,
Ismail Kalanje